Maji Kati ya Lenzi na Kasa

Mtu anazamia na mtungi kwenye miamba ya nje ya Msimbati, mkoani Mtwara, anamwona ng'amba, aina ya kasa, akila sifongo mita chache mbele yake, anabonyeza kamera mara ishirini. Jioni anafungua picha, anakuta kivuli cha kijivu ndani ya maji ya kijani, gamba halina kingo, na kila mahali kuna vidoa vyeupe kama unga uliomwagika. Hukumu ya kwanza ni kwamba kamera haifai, na wapo wanaokwenda kununua nyingine. Mara nyingi kamera haina kosa. Rangi iliyokufa, ukungu na vidoa ni watoto wa mama mmoja: maji mengi mno kati ya lenzi na kasa. Ukiyapunguza hayo maji, hata kamera ndogo ya kufungwa kwenye kofia itakupa picha ya kuonyesha watu. Usipoyapunguza, hakuna kamera ya bei itakayokuokoa.

Tatizo ni kwamba maji hayo hayapunguzwi kwa kumkimbilia kasa. Hapo ndipo wengi wanapotea.

Rangi inakwenda wapi

Maji hufyonza mwanga, lakini hayafyonzi rangi zote kwa kasi moja. Nyekundu hutangulia: ukifika mita 5 sehemu kubwa yake imekwisha. Rangi ya chungwa hufuata kwenye mita 10 hivi, njano hufifia kuelekea mita 20, halafu unabaki na kijani na buluu. Hili wazamiaji wengi wanalijua, ila wanadhani kinachohesabiwa ni kina peke yake. Kinachohesabiwa ni safari nzima ya mwanga. Jua likishuka mita 8 hadi kwenye gamba, kisha likasafiri mita 4 tena kufika kwenye lenzi yako, rangi imeshapita kwenye mita 12 za maji.

Flashi nayo hulipa kodi hiyo hiyo, na inalipa mara mbili, kwenda na kurudi. Ukiwa mita 1 kutoka kwa kasa, mwanga wa flashi unapita kwenye mita 2 tu za maji, na hudhurungi na manjano ya gamba la ng'amba yanatoka kama yalivyo. Ukiwa mita 3, mwanga unapita kwenye mita 6, na wekundu wote umeliwa njiani. Ndiyo maana mita 1 hadi mita 1 na nusu ndiyo mpaka wa kazi ya flashi chini ya bahari, hata flashi yenyewe iwe kubwa kiasi gani. Ukiwa mbali zaidi, ni afadhali uizime.

Macho pia yanadanganya. Mwanga hupinda unapotoka kwenye maji na kuingia kwenye hewa iliyo ndani ya miwani ya kuzamia, na vitu huonekana karibu kwa robo zaidi ya vilivyo. Kasa unayekadiria yuko mita 3, yuko mita 4.

Vidoa vyeupe ni chembechembe zinazoelea, yaani mchanga laini, tope na viumbe vidogo vya baharini, ambazo flashi imezimulika pale pale mbele ya lenzi. Ukiongeza nguvu ya flashi, nazo zinang'aa zaidi. Dawa yake ni kuzisogeza flashi mbali na lenzi: mikono ya kuzishikilia ifunguliwe, kila flashi ikae sentimita 40 hadi 60 pembeni, nyuma kidogo ya mstari wa kioo cha mbele, na uso wake utazame nje kidogo. Kasa aguswe na ukingo wa mwanga, siyo kitovu chake, ili maji yaliyo mbele ya lenzi yabaki gizani. Flashi iliyojengwa ndani ya kamera hukaa juu ya lenzi, kwa hiyo kwa kasa haifai kabisa. Ifunge.

Kutokana na hayo, lenzi inajichagua yenyewe. Unahitaji lenzi pana, yenye kuona nyuzi 100 au zaidi, ili kasa mwenye gamba la sentimita 80 aenee kwenye picha ukiwa umbali wa hatua moja. Kuvuta kwa zumu ni kuvuta na maji yote yaliyo katikati.

Siku ya kuzamia

Uwazi wa maji Mtwara unaendeshwa na vitu vitatu: upepo, mvua na mwezi. Kusi linapovuma kwa nguvu, Mei mpaka Septemba, mawimbi yanachafua upande wa nje wa miamba na boti zinakosa raha. Mvua za Desemba hadi Aprili humwaga tope la Mto Ruvuma baharini, na kadiri unavyokaribia mlango wa mto ndivyo maji yanavyokuwa ya kahawia. Kwa picha, kipindi tunachokiamini zaidi ni maleleji ya Oktoba na Novemba: kusi limechoka, kaskazi halijashika, na mto uko chini kabisa kwa sababu kiangazi kinaishia.

Ndani ya mwezi mmoja, nenda na maji mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji hayo yote lazima yapite kwenye milango ya ghuba. Mkondo wa aina hiyo haukuachi utulie mbele ya kasa hata kwa dakika moja, na unafumua mchanga. Maji mafu huja siku saba hivi baada ya kila bamvua. Siku hiyo ingia saa ya mwisho ya maji kujaa, kwa sababu maji yanayojaa yanatoka bahari kuu na ni safi. Yanayokupwa yanatoka kwenye mikoko na huja na uchafu wake. Manahodha wa Msimbati na Mikindani wanaijua saa hiyo kwa kutazama maji tu. Mwulize nahodha kabla hujauliza simu.

Kama huna flashi, zamia kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa juu. Jua likiinama, mwanga mwingi zaidi huteleza juu ya maji na haupenyi.

Jambo la vibali lifahamike mapema: Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye kilomita za mraba 650, ina kiingilio, na kinalipwa kabla ya kuingia majini. Maafisa wa hifadhi watakueleza maeneo yaliyo wazi kwa wazamiaji.

Pumzi mbili zisizofanana

Kasa anavuta hewa juu, anaibana, anashuka nayo. Kasa wa kijani anayekula nyasi za bahari huwa anapanda kila baada ya dakika chache. Aliyelala chini ya jabali anaweza kukaa saa nzima na zaidi kwa sababu mwili wake unatumia hewa kidogo sana. Akihangaishwa hesabu inavunjika. Akiogelea kwa nguvu kukukwepa, hewa iliyopaswa kumtosha inakwisha, naye lazima apande hata kama hakuwa ameshiba. Kila kasa anayekimbizwa na kamera anakatishwa malisho au usingizi, na aliyekimbizwa mara kwa mara anaweza kuhama mwamba.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukimwona, simama mita 4 au 5 kutoka alipo. Usimjie kwa nyuma wala kwa juu, kwa sababu papa huja hivyo na kasa analikumbuka hilo kwa mwili wake wote. Jiweke pembeni, mahali jicho lake linakuona, kwenye kina chake au chini kidogo, tumbo lako likiwa juu ya mchanga mtupu na siyo juu ya matumbawe. Acha mapezi yatulie. Toa pumzi polepole ili mapovu yasilipuke kwa kishindo. Halafu subiri, dakika mbili au tatu.

Katika dakika hizo mtazame. Akiendelea kung'ata, amekukubali. Unaweza kusogea nusu mita, ukasimama tena. Akiinua kichwa na kuacha kula, umefika mpaka wako. Tulia hapo hapo. Akikupa mgongo au akianza kupiga makasia ya mbele, yaani miguu yake ya kuogelea, kwa haraka, rudi nyuma, na kama harudii shughuli yake, mwache, mtafute mwingine. Wengi wao, hasa ng'amba aliyezama kwenye sifongo lake, humaliza umbali uliobaki wenyewe kwa sababu chakula kinachofuata kiko upande wako. Mita ile ya mwisho ni ya kasa kuitoa. Picha zilizotolewa hivyo unazitambua mara moja: jicho limelegea, shingo haijakunjwa, makasia yako wazi.

Kinyume chake ni mzamiaji anayemfuata. Anapiga picha ya mkia, ya mapovu yake mwenyewe, na ya mchanga alioutimua. Na anajiingiza kwenye hatari ambayo haioni, kwa kuwa macho yake yako kwenye kioo cha kamera.

Hatari hiyo ieleweke vizuri. Kasa akianza kupanda, anavutia sana: mwanga uko nyuma yake, makasia yamefunguka kama mbawa, na mkono wako unakutuma umfuate. Kasa hana shaka, kwa sababu hewa iliyo mapafuni mwake aliivuta juu; ilisinyaa alipokuwa akishuka, na akipanda inarudia ukubwa wake ule ule wa mwanzo. Wewe unavuta hewa iliyogandamizwa. Mapafu yaliyojaa kwenye mita 10 yanataka kuwa makubwa mara mbili ukifika juu. Mpiga picha ana tabia ya kuzuia pumzi anapobonyeza ili mkono usitikisike. Ukijumlisha kupanda na pumzi iliyozuiwa, mapafu yanaweza kupasuka ndani ya mita chache tu, na mita za juu ndizo mbaya zaidi kwa kuwa huko ndiko hewa hupanuka kwa kasi kubwa. Basi pumua muda wote, hata picha ikiyumba. Panda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, simama mita 5 kwa dakika 3, toka majini mtungi ukiwa na mgandamizo wa hewa wa angalau baa 50. Kasa akipanda, mwache aende. Mpige picha kwa chini akiwa juu yako, na usikae kamwe kati yake na uso wa maji. Tulia karibu na kiraka chake cha nyasi au jabali lake. Mara nyingi hurudi pale pale.

Kubali pia kwamba kamera inakula akili. Tazama geji na kompyuta ya kuzamia kila baada ya picha tano au sita, na mweleze mwenzako mapema kwamba kazi yake ni kukaa ubavuni mwako, wala si ng'ambo ya kasa, ambako ataonekana kwenye picha na kumfunga mnyama katikati. Mtu ambaye bado hawezi kuelea bila kupanda wala kushuka kwa dakika tano, bila kugusa kitu, asibebe kamera. Matumbawe ya Mtwara yameumizwa vya kutosha na baruti. Goti la mpiga picha lisiongeze.

Kuipanga kamera

Ukitumia flashi, anza na ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), upenyo wa lenzi f/8 (tundu linalopitisha mwanga), kasi ya shata 1/125 (muda wa kupokea mwanga, sehemu ya sekunde). Kabla kasa hajafika, elekeza kamera kwenye maji matupu nyuma ya mahali unapomtarajia, upige, uone buluu imekaa vipi. Ikiwa imefifia, ongeza kasi ya shata hadi 1/200. Ikiwa nyeusi, ishushe au pandisha ISO hadi 400. Shata inasimamia maji ya nyuma, upenyo na nguvu ya flashi vinasimamia kasa. Ukilishika hilo, nusu ya fumbo imefumbuka. Usipite kasi ambayo flashi yako inaiweza, kwa kamera nyingi 1/200 au 1/250, la sivyo ukanda mweusi utakata picha.

Flashi ianze kwenye nusu ya nguvu. Akikuonyesha tumbo, punguza zaidi: tumbo la kasa ni jeupe-njano na linarudisha mwanga mwingi kuliko mgongo, na likishaungua kuwa jeupe tupu hakuna programu itakayolirudisha. Kumbuka flashi inahitaji sekunde moja au mbili kujichaji. Usibonyeze mfululizo. Subiri makasia ya mbele yafike juu kabisa au chini kabisa, bonyeza mara moja. Picha tano au sita zenye flashi kwa kasa mmoja zinatosha, na aliyelala usiku asimulikwe hata mara moja.

Bila flashi, kaa kati ya mita 3 na 12, jua likiwa mgongoni kwako. Kwenye maji ya buluu kichujio chekundu husaidia. Kwenye maji ya kijani ya baada ya mvua tumia cha rangi ya zambarau-nyekundu. Rekebisha mizani ya weupe, yaani kipimo cha kamera cha rangi nyeupe, kwa kulenga mchanga mweupe, na urudie kila kina kinapobadilika kwa mita 3 hivi, maana kipimo cha mita 5 kwenye mita 10 ni uongo. Hifadhi picha kwa mtindo wa RAW, faili ghafi lenye taarifa zote. JPEG imeshatupa taarifa utakazozihitaji jioni.

Fokasi iwe kwenye jicho, daima. Gamba likiwa kali na jicho likiwa na ukungu, picha imekufa.

Kasha, oringi na mchanga wa Msimbati

Kamera nyingi huzama kwa unywele mmoja. Kasha linazuia maji kwa oringi, mpira mwembamba unaobanwa kati ya vipande viwili, na unywele, uzi wa taulo au punje ya mchanga ikilala juu yake inafungua njia. Toa oringi kwa kona ya kadi ya plastiki, kamwe si kwa ncha ya kisu. Ipitishe kati ya vidole ukitafuta punje, safisha mfereji wake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha paka grisi ya silikoni kidogo sana: ing'ae tu. Grisi haizuii maji. Kazi yake ni kuufanya mpira ukae bila kujisokota, na ikizidi inakuwa gundi ya mchanga.

Kazi hiyo ifanyike chumbani asubuhi, wala si ufukweni Msimbati, ambako upepo hubeba mchanga laini kama unga. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Ukiifungia ndani ya kasha, kioo kitaweka ukungu mara tu kasha litakapopoa majini. Lifunge kwenye chumba chenye kiyoyozi, weka ndani pakiti mbili za silika jeli ya kunyonya unyevu, na usiliache juani ndani ya boti. Kasha jipya lishushwe mara ya kwanza bila kamera, likiwa na karatasi ya chooni ndani. Ikirudi kavu, umepona.

Zingatia kwamba kasha huvuja zaidi karibu na juu kuliko chini, kwa sababu kina chenyewe hulibana. Baada ya kuingia majini, tulia mita 2 au 3, ulitazame. Ukiona mapovu yakitoka kwenye kiungo au tone ndani, geuza lenzi itazame chini ili maji yakusanyike mbali na mwili wa kamera, kisha panda kwa mwendo ule ule wa kawaida. Kamera hainunui mapafu. Juu, toa betri, usijaribu kuiwasha, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushe. Betri iliyoingia maji ya chumvi isichajiwe tena.

Beba dumu la lita 20 la maji baridi kwenye boti. Kasha likitoka baharini liloweke kwa nusu saa, ukibonyeza kila kitufe, kabla chumvi haijakauka. Chumvi iliyokauka ndani ya kitufe hukata oringi yake ndogo kidogo kidogo, na safari ya tatu au ya nne ndipo maji yanaingia.

Picha yenye kazi

Magamba madogo ya shavuni mwa kasa yamepangwa kwa namna isiyofanana na ya kasa mwingine, na shavu la kushoto halifanani na la kulia. Ukipiga picha pande zote mbili za uso, kwa ubavu ulionyooka na katika mwanga wa kawaida, picha hizo zinaweza kumtambua kasa yule yule miaka mingi baadaye bila mtu kumshika. Andika tarehe, kina, mahali, na aina yake. Kwa aina, hesabu magamba kati ya pua na macho: kasa wa kijani ana jozi moja, ng'amba ana jozi mbili, na mdomo wake umechongoka kama wa mwewe. Ukiona jeraha la kamba au kipande cha jarife kwenye kasia, lipige picha kwa karibu na uwapelekee maafisa wa hifadhi siku hiyo hiyo.

Picha unazozirusha mtandaoni ni jambo jingine. Ng'amba yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na mayai, nyama na magamba bado yana wanunuzi ingawa sheria inakataza. Simu na baadhi ya kamera ndogo za kufungwa kwenye kofia zinaweza kuandika ndani ya faili mahali ulipokuwa. Futa taarifa hiyo kabla ya kuweka picha hadharani, andika "Mtwara" tu, na jina la jabali lenyewe libaki kwenye daftari lako na la hifadhi.